Pedali ya klachi iliyozama

Lori letu la zamani lilikataa kuingia gia ya kwanza na rivasi injini ikiwa inanguruma, na fundi akashauri giaboksi ishushwe ili klachi pleti, sahani inayounganisha injini na giaboksi, ibadilishwe. Nilisita, kwa sababu pedali ilipokanyagwa mara kadhaa kwa haraka gia ziliingia bila kelele, dalili inayoelekeza kwenye mfumo wa mafuta yanayosukuma klachi kuliko kwenye pleti. Kikopo cha mafuta hakikupungua, na silinda ya chini, ile ya upande wa giaboksi inayosukuma klachi, ilikuwa kavu hata tulipofunua raba yake ya vumbi. Lakini pedali iliposhikiliwa chini ya mguu, gia ikiwa imeingia na klachi ikiwa imeachia vizuri, baada ya muda mfupi lori lilianza kusogea lenyewe. Maana yake, raba za ndani ya silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, zilikuwa zikipitisha mafuta kurudi nyuma. Tuliibadilisha nzima, maana kuta zake zilikwaruzika, tukatia mafuta mapya ya DOT 3, aina ya mafuta ya breki na klachi, na kutoa upepo hadi mapovu yakaisha. Giaboksi haikuguswa.