Siku moja maishani mwangu: fundi wa usafi wa magari, Sinza

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi huwa nimekwisha kufungua geti la banda letu hapa Sinza, Dar es Salaam. Wengi hudhani kazi yangu ni kumwagia gari maji na kulifuta. Kumbe gari moja likisafishwa ndani na nje kisha likapigwa polishi linaweza kumaliza siku nzima, na muda wa siku hiyo huokolewa au hupotea katika saa hii ya kwanza ambayo mteja haioni.

Ndipo ninapopanga chupa za dawa zilizokwisha kuchanganywa, kila moja ikiwa na mstari wa wino unaoonyesha dawa iishie wapi na maji yaanzie wapi, ili kijana asisimame kupima huku povu likikauka juu ya bodi. Taulo za njano ni za bodi, za bluu ni za vioo, za kijivu ni za rimu, nazo hatuzichanganyi kamwe, kwa kuwa punje moja ya mchanga wa kwenye rimu ikifika kwenye rangi huacha mkwaruzo utakaodai nusu saa ya mashine ya polishi.

Kufikia saa nne tulikuwa tumetoa magari mawili. Tulianza na rimu, tukashuka kutoka paani kwenda chini, tukisafishia kivulini na kusuuza kwa maji ya bomba, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na yakikaukia juani huacha madoa meupe.

Saa nne na nusu akaingia mzee mmoja na Harrier nyeusi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, ni kuosha kwa kawaida tu, saa nane nina safari ya Morogoro." Kila gari huwa nalikagua kwa dakika kumi, nikiinua zulia na kufungua buti. Kwa kuwa alikuwa na haraka, niliacha kukagua, na kosa hilo ni langu.

Tulipomaliza nje, kijana wangu akaniita ndani: harufu. Tulipoinua tairi ya akiba tulikuta maji mazito ya rangi ya kutu yametuama, na magamba ya samaki yameganda kuzunguka boliti. Nilipompigia mzee simu, alikumbuka kwamba wiki iliyopita alibeba samaki na barafu kutoka soko la Feri. Maji yalikuwa yamepenya hadi kwenye sponji iliyo chini ya kiti cha nyuma, na manukato hayawezi kuondoa uozo uliolala ndani ya sponji. Ikatubidi kung'oa kiti, kutoa zulia, kupiga dawa inayovunja mabaki ya samaki, kungoja ifanye kazi, kufyonza kwa mashine, kurudia, kisha kukausha kwa feni katika unyevunyevu huu wa pwani usiokubali kitu kikauke upesi. Mzee alipiga simu mara tano, na mara ya mwisho akaniambia kwamba wale wa barabarani wangekuwa wamekwisha kumaliza. Lililoniumiza ni kwamba vijana walikuwa wamepiga magoti ndani ya buti lile tangu saa sita bila kula. Laiti ningekagua, tungeanza na ndani, na zulia lingekuwa linakauka wakati tukiosha bodi.

Jua lilikuwa limeinama aliposafiri. Kabla ya kuondoka aliingiza kichwa ndani ya buti, akavuta pumzi, akanishika mkono bila kusema neno.

Mgongo ulikuwa unaniuma, lakini taulo hazilali chafu. Tulizifua kwa sabuni ya maji bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zisinyonye maji. Kisha nikachukua fomu ya ukaguzi, nikaongeza swali juu kabisa, kabla ya jina la mteja: "Gari hili limebeba nini wiki hii?"