Kumbukumbu ya mradi wangu: kukadiria kina cha maji wakati kihisi kimetekwa

Mradi huu ni mfumo wa kuigiza ndani ya kompyuta. Una matangi mawili: pampu hujaza tangi la juu, maji hushuka kwenye tangi la chini, kisha hutoka nje. Ninachotaka ni kujua kina halisi cha maji katika matangi yote mawili, hata pale ambapo mshambuliaji ameteka kihisi kimoja na kukifanya kitume vipimo vya uongo.

Toleo la kwanza lilikuwa na kihisi kimoja kwenye tangi la chini pamoja na kichujio cha Kalman, mbinu iliyochapishwa mwaka 1960. Kichujio hutabiri kipimo kijacho na kukilinganisha na kile kilichofika. Tofauti yake, yaani mabaki, ikizidi kizingiti, kengele hulia. Kizingiti nilichochagua kinaruhusu kengele 1 ya uongo kwa kila vipimo 100, na kwa kuwa mfumo hupima kila sekunde, hizo ni takriban 36 kwa saa bila shambulio lolote. Sidhani kama yupo mwendesha mitambo atakayezijali baada ya saa ya pili.

Shambulio la kwanza lilikuwa la polepole: kihisi kilipunguza kipimo kwa sentimita 0.01 kila sekunde. Baada ya dakika kumi uongo ulifikia sentimita 6, pampu ikawa inaongeza maji yasiyohitajika, na mabaki hayakupanda kwa kiasi cha kushtua, kwa sababu kichujio kilikuwa kikivutwa taratibu kuufuata uongo huo. Nikikirekebisha kiamini modeli (hesabu za jinsi maji yanavyotarajiwa kutiririka) zaidi kuliko vipimo, hugundua mapema, lakini hapo valvu ikiziba kidogo tu nacho hudai kuna shambulio. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoyachukulia mabaki madogo kama uthibitisho kwamba makadirio ni sahihi.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni kuamua vihisi vya ziada viwekwe wapi. Kanuni inayojulikana ni kwamba, ili kuhimili kihisi 1 kilichotekwa, hali ya mfumo (hapa, kina cha matangi yote mawili) lazima iendelee kukadirika hata vihisi 2 vyovyote vikiondolewa. Kihisi cha tangi la chini huona pia yanayotokea juu, maana maji ya juu ndiyo yanayobadilisha kina cha chini. Kihisi cha tangi la juu hakioni chochote cha chini. Kwa hiyo hata nikirundika vihisi kumi juu na kubakiza kimoja chini, sijapata ulinzi ninaoutaka: hicho kimoja kikiondolewa, kina cha chini hakikadiriki tena. Nimeweka vitatu vyote chini: cha mawimbi ya sauti, cha shinikizo sakafuni, na mita ya mtiririko kwenye bomba la kutokea. Kila kimoja kina kichujio chake, nami huchukua makadirio ya katikati kati ya matatu. Shambulio lile lile la polepole sasa halisogezi makadirio zaidi ya kiwango cha kelele za kawaida za vipimo.

Nimejaribu pia shambulio la kurudia vipimo vya zamani kana kwamba ni vya sasa, mbinu iliyotumiwa na programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, kuficha mabadiliko ya kasi ya mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani) katika kituo cha nyuklia cha Natanz nchini Iran. Vipimo vya vihisi vyote vitatu vikirudiwa kwa pamoja, thamani ya katikati haisaidii. Hapa nimeongeza mtikisiko mdogo wa nasibu kwenye amri ya pampu: vipimo vya kweli hubeba alama yake, vya zamani havina. Gharama yake ni kwamba kina cha maji hakitulii kama awali.

Tatizo lililobaki ni kwamba vihisi vyote vitatu hupitisha data kwenye kifaa kimoja cha mtandao, na atakayekiteka hicho ameviteka vyote kwa mpigo. Katika toleo lijalo nitahesabu njia za mawasiliano badala ya vihisi, na mita ya mtiririko itapata njia yake peke yake.