Tairi moja lilegezwe

Jumanne usiku

Leo kijana wa mafunzo kwa vitendo amekata bolti mbili kabla ya saa nne asubuhi. Bolti zenyewe ndogo, M6, yaani unene wa milimita 6, za mfuniko wa giaboksi. Zile za daraja 8.8 la uimara hazitaki kukazwa kwa zaidi ya nyutonimita (Nm) 10 hivi, lakini yeye alishika spana ndefu akazikamua kama anafunga tairi la Fuso. Darasani ni mzuri kuliko nilivyokuwa mimi. Ila mkono wake haujui pale bolti inapoacha kugoma na kuanza kuvutika kama bigijii. Hapo umeshachelewa.

Nimerudi nyumbani nikiyawaza magari yetu ya waya kule Kilosa. Magurudumu tulichonga kwa wembe kutoka ndala zilizokatika, ekseli ilikuwa spoki ya baiskeli, usukani mrefu, unakimbia nao umesimama wima. Langu lilipendeza kwa macho, lakini kwenye kona lilikuwa linaburuza. Matairi ya nyuma nilikuwa nimeyakaza yote mawili kwenye spoki. Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo yakifungwa pamoja lazima mojawapo liburuzwe. Hayo sikuyajua. Nilichoona ni ndala kulika upesi.

Dada ndiye aliyelitibu. Alikuwa ametoka kuchota maji, akachukua plaizi ya baba, akalegeza tairi moja lizunguke kivyake, kisha akakunja ncha ya spoki lisichomoke. Gari likakata kona bila kelele. Yeye akaitwa jikoni, mimi nikabaki na gari.

Chuoni, mwaka wa pili, mhadhiri alipochora ubaoni difu, zile gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili, nilicheka peke yangu. Kumbe ni ujanja wa dada, isipokuwa difu haiachi tairi lolote bila nguvu: yote mawili yanasukuma, kila moja kwa mwendo wake. (Hesabu waya haikunifundisha. Kalkulasi nilipigwa sapu.)

Jioni hii nimempigia dada, siku hizi anauza vitenge Morogoro. Nikamsimulia habari za bolti.

"Usimcheke mtoto wa watu, mdogo wangu. Wewe mwenyewe ulikuwa unakaza mno."

Kisha akaniuliza kama huku kwetu spoki za baiskeli bado zinapatikana. Binti yake anataka kutengeneza gari.