Bibi kwenye kioo

Vidole vyangu leo ni vyeusi kama nimeshinda nikisugua sufuria. Afadhali masizi, yanatoka kwa sabuni. Hii ni nitreti ya fedha, dawa ya kupigia picha. Ikishakukamata inasubiri ngozi ichubuke yenyewe.

Nimempiga Bibi picha ya kioo, kwa njia aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Unamwaga kolodioni, maji mazito yanayonata, juu ya kioo, unaitandaza kwa kukiinamisha kona moja moja, unakizamisha kwenye nitreti, kisha mbio: kipigwe na kusafishwa kikiwa bado kibichi. Wenye nchi za baridi wanajipa dakika kumi. Hapa Tanga, Februari hii, nikipata tano nashukuru, maana kolodioni ina etha, kimiminiko kinachoruka upesi, na etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Vioo viwili vilikauka pembeni nikihangaika na pazia la bafuni. Nikamkumbuka Grant, mpelelezi aliyetoka Unguja na mwenzake Speke mwaka 1860 kutafuta chanzo cha Nile: kamera yao ilirudishwa njiani, Speke akihofia joto la kile kihema cha kusafishia picha lingemuua mwenzake. Zamani nilidhani ni kudeka tu.

Bibi alikaa barazani, kisogo nimekiegemeza ubaoni. Sekunde nane.

“Usitikisike, Bibi.”

“Sitikisiki, mume wangu. Kupumua nako marufuku?”

Kwenye dawa ya mwisho ule utando wa maziwa uliyeyuka, macho yakatangulia, halafu mikunjo yote.

“Mbona umenitia weusi?”

Nikamweleza kwamba dawa hii huona buluu. Nyekundu na njano kwake ni giza. Ndiyo maana ngozi zetu hukolea, na madoa ya jua ambayo sikuwahi kuyaona usoni kwake yamejitokeza. Kanga yake nyekundu imekuwa nyeusi tii, jina lake jeupe linang'aa, lakini limepinduka, unalisoma kutoka kulia. Kipini nacho kimehamia tundu la pili la pua.

Hakunisikiliza sana. Alikuwa amegundua mchezo: akikiinua kioo kwenye mwanga, sura yake inapotea, akikilaza juu ya buibui lake, inarudi. Alirudia mara nne, tano.

Sasa kimefungwa ndani ya buibui hilo, kabatini kwake. Vanishi sijakipaka bado, na yeye hataki kukitoa.