Nilipoacha kuhesabu vitone vyekundu

Miezi mitatu ya kwanza ya utafiti wangu niliimalizia kwenye vitone vyekundu. Kila asubuhi napakua data za MODIS na VIIRS, vihisi vya setilaiti vinavyotambua joto la moto, nazimwaga juu ya ramani ya kipande changu cha savana, nahesabu vitone, naandika idadi kwenye jedwali. Vikiwa vingi, naandika kwamba moto ni mkubwa. Vikiwa vichache, naandika shwari. Grafu ilipendeza, lakini haikuwa inapima nilichodhani inapima.

Kitone ni taarifa ya joto tu. Setilaiti inapita, kihisi chake kinapima infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, kwenye mawimbi ya karibu mikromita 4, na pikseli, yaani kipande kimoja kidogo cha picha, yenye joto kuliko jirani zake inatiwa alama. Pikseli ya MODIS ina upana wa kilomita 1, ya VIIRS mita 375. Ndani ya pikseli hiyo moto umekula kiasi gani, kitone hakisemi. Halafu kuna suala la saa. Kwa miaka mingi Terra na Aqua, setilaiti mbili zinazobeba MODIS, zilipita kwa saa maalumu: Terra mnamo saa nne na nusu asubuhi, Aqua mnamo saa saba na nusu mchana, kisha zote zikirudi usiku. Moto wa nyasi unaweza kuanza saa tisa alasiri na kuzimika kabla jua halijazama kwa sababu umekutana na korongo au ardhi iliyolishwa hadi ikabaki tupu. Moto huo hauachi kitone.

Kilichonizindua ni bonde moja ambalo kwenye jedwali langu lilikuwa na sifuri mwezi mzima. Nilifungua picha ya Sentinel-2, setilaiti inayopiga picha za ardhi kwa undani zaidi, nikitafuta mkondo wa mto, nikakuta karibu nusu ya bonde ni nyeusi. Nilihesabu makovu kumi na moja, yaani mabaka meusi yaliyoachwa na moto. Mengine yalikuwa madogo kuliko pikseli moja ya VIIRS, yamekaa bega kwa bega kama viraka. Siku ile sikuandika chochote kingine.

Tangu hapo nafuata makovu. Na kovu la savana lina shida zake. Msituni, jani bichi linaakisi sana infraredi ya karibu, ile iliyo jirani na mwanga tunaouona, likiungua mwangaza huo unaporomoka, na tofauti inaonekana wazi. Kwenye savana ya mwisho wa kiangazi nyasi zimeshakauka kabla moto haujafika, hakuna ubichi mwingi wa kupotea. Unachokitegemea ni weusi wa masizi, na weusi huo haukai: upepo unabeba majivu, na baada ya wiki chache machipukizi yanaanza kulifunika kovu. Sentinel-2 zikiwa mbili hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 5, setilaiti moja ya Landsat kila baada ya siku 16. Mawingu yakikuzibia mara mbili tatu, kovu limekwenda.

Kivuli cha wingu nacho ni cheusi. Maji ni meusi. Udongo wa mbuga ni mweusi. Ndiyo maana siamini picha moja: naweka ya kabla, ya baada, na inayofuata. Kivuli kinahama, kovu linabaki.

Upungufu ule haukuwa wa jedwali langu peke yake. Watafiti waliochora maeneo yaliyoungua Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2016 kwa kutumia Sentinel-2 walipata eneo kubwa kwa takriban asilimia 80 kuliko lililokuwa kwenye ramani za MODIS. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni moto mdogo mdogo, kama ule wa bonde langu.

Inajulikana pia kwamba kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani lilipungua kwa karibu robo, na savana ndizo zilizochangia zaidi, kwa kuwa mashamba na mifugo vimekata nyasi vipande vipande. Wapo wanaofurahia habari hiyo moja kwa moja. Mimi nasita. Serengeti, sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua pia nyumbu, ilipodhibitiwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka hadi zaidi ya milioni moja, wakala nyasi ambazo zingekuwa kuni za moto, moto ukapungua, na miti ikaongezeka. Savana ni mapatano ya nyasi, walaji, mvua na moto. Ukigusa kimoja, vingine vinasogea.

Kwa hiyo safu muhimu kwenye jedwali langu sasa ni ya tarehe. Moto wa mwanzo wa kiangazi hukuta nyasi zina unyevu bado, unaunguza mabaka na kuacha mengine. Wa mwisho wa kiangazi hukuta kila kitu kikavu, na miche ya miti haiponi kirahisi. Eneo likiwa lile lile, hiyo ni mioto miwili tofauti kabisa, na kwa miezi mitatu niliijumlisha kama mmoja.

Juzi limeonekana kovu la kwanza la msimu huu bondeni: jembamba, refu, limeishia ukingoni mwa mto. Nimeliandika tarehe, na nasubiri picha inayofuata nione kama litabaki.