Programu ya picha kwa anayeanza

Mdogo wangu hapa Kampala anajifunza kutengeneza tovuti, na marafiki zake wote wanamwambia alipie Photoshop. Ya nini? Tangu 2013 matoleo mapya yake ni ya kulipia kila mwezi au mwaka, na kijana bado hana hata mteja mmoja. Nimemwekea GIMP na Inkscape. Zote bure, na zinafanya kazi hata bando likiisha.

GIMP ni ya picha za kamera: kukata, kupunguza ukubwa, kurekebisha mwanga. Nembo achoree Inkscape na kuihifadhi kama faili la SVG. Humo mchoro ni hesabu za mistari, si vidoti vya rangi, kwa hiyo utaukuza hadi bango kubwa la Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na kingo zitabaki kali. (Wachapaji watadai CMYK, yaani mpangilio wa rangi za wino; hiyo kesi nyingine.)

Canva, ile ya violezo mtandaoni? Nzuri kwa kadi ya kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba) inayotakiwa kesho asubuhi, ila kila kitu umeshapangiwa. Figma ataihitaji baadaye kuchora kurasa za tovuti, na hiyo inataka mtandao.

Kwa sasa nimempa zoezi: picha ya MB 4 aishushe chini ya KB 200, na nyuso zionekane vizuri. Amenuna.