Jina la ofisi siyo uwakili, jamani

Kila mawakili wapya wakishaapishwa tu, simu zinaanza: kaka nafungua ofisi, niiite jina gani? Mtu hana hata meza ila logo anayo.

Iko hivi. Hapa Tanzania sheria ya majina ya biashara, ile Sura ya 213, haikubani ukitumia jina lako halisi tupu. Mfano wakili Mushi akiwa peke yake akaandika Mushi na jina lake la kwanza basi, hana haja ya kusajili. Ila nani anaishia hapo? Wote tunataka "& Company Advocates" kwa nyuma, na hako kanyongeza ndo kanakokupeleka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Unaingia kwenye mfumo wao na namba yako ya NIDA, unatafuta kama jina halijachukuliwa, likifanana sana na la wengine linarudishwa, unaumiza kichwa upya. (Halafu hawa wa "Associates", ukiingia ndani unamkuta yeye, feni na dada wa mapokezi. Hao associates sijui wako likizo.)

Sasa hilo neno "Company" linawachanganya sana wateja, wanadhani ni kampuni kweli. Siyo. Jina la biashara halizai mtu mwingine kisheria, mko wawili kwenye ubia basi deni la ofisi ni lenu nyie, mwenye jengo pale Posta akidai kodi yake anawadai nyie kwa majina yenu, kibao hakidaiwi. Na mmoja akijitoa lazima mabadiliko yapelekwe BRELA, watu wananuniana weee wanasahau, jina la aliyeondoka linabaki kwenye makaratasi. Mimi nasema andikianeni mkataba wa ubia kabla hamjalipia kibao.

Kingine, cheti cha BRELA hakimpi mtu uwakili hata kidogo. Uwakili unatoka kwenye Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, jina lako liwe kwenye orodha ya mawakili Mahakama Kuu na leseni uhuishe kila mwaka. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoenda kugongewa muhuri hati za viwanja vya Kigamboni, acheni kusoma kibao cha nje. Muulize anayesaini anaitwa nani, ingia eWakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye majina ya mawakili, umtafute kwa jina lake, siyo la ofisi.